Kutu ya ubongo: Chai ya zambarau haitoshi kuwakinga wazee wa Giakanja

WAKULIMA wa majani chai katika Kaunti ya Nyeri, kuanzia viunga vya Giakanja hadi Othaya, wamezoea habari njema kuhusu zao lao kuwafikia mapema kuliko malipo. Mojawapo ya habari hizo ni kwamba chai ya zambarau, iliyotokana na jasho la watafiti wa humu nchini, huukinga ubongo dhidi ya maradhi ya kusahau ya uzeeni.

Habari hiyo si porojo tupu. Mnamo 2011, Wakfu wa Utafiti wa Chai nchini (TRFK), wenye makao yake Kericho, uliwatolea wakulima aina mpya ya mche, TRFK 306, baada ya utafiti wa takriban robo karne. Majani yake ni ya zambarau kwa sababu yana kiwango kikubwa cha anthosiyanini, rangi ile ile inayopatikana katika zabibu nyeusi. Miaka mitatu baadaye, watafiti wa Kenya walichapisha matokeo katika jarida la Nutritional Neuroscience wakieleza kuwa anthosiyanini ya chai hiyo, ilipopewa panya wa maabara, ilivuka ukuta unaoutenga ubongo na damu, na kwamba kinga ya ubongo wa panya hao dhidi ya uharibifu wa oksijeni iliongezeka.

Kazi hiyo ni ya kujivunia. Hata hivyo, panya wale hawakuwa wamesahau njia ya kurudi nyumbani, na hakuna aliyewauliza majina ya wajukuu wao. Kati ya kuongeza kinga katika ubongo wa panya mwenye afya na kumtibu cucu wa miaka 78 anayeficha pesa ndani ya gunia la mahindi kisha kumshutumu mkaza mwanawe kwa wizi, pana bonde ambalo sayansi ya dunia nzima imejaribu kulivuka kwa zaidi ya miaka 25. Ni muhimu familia za eneo hili zijue bonde hilo lina kina gani kabla ya kutumia bonasi ya chai au malipo ya kahawa kununua chupa za tembe za kurejesha kumbukumbu.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa mara ya kwanza mnamo Novemba 1906, wakati daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliposimulia kisa cha mwanamke aliyempokea hospitalini Frankfurt akiwa na umri wa miaka 51. Mwanamke huyo alikuwa amepoteza kumbukumbu na kuingiwa na wivu usio na msingi dhidi ya mumewe. Baada ya kifo chake, daktari huyo aliuchunguza ubongo kwa hadubini na kuona mambo mawili: madonge yaliyojazana katikati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo yajulikana kuwa madonge hayo ni ya protini iitwayo amiloidi, nazo nyuzi ni za protini iitwayo tau.

Swali ambalo limewagawanya wataalamu tangu hapo ni nini hasa kinachoziua seli. Hapa ndipo nadharia ya kutu inapoingia.

Ubongo wa binadamu una uzani wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayovutwa. Ni sawa na jiko dogo linalomaliza kuni za boma zima. Ndani ya kila seli mna vinu vidogo viitwavyo mitokondria, ambavyo huchoma sukari kwa oksijeni ili kupata nguvu. Kama ilivyo kwa jiko lolote, cheche huruka. Cheche hizo ndizo wanasayansi huziita radikali huru: molekuli zilizopungukiwa na elektroni, zinazonyakua ya jirani bila kujali kama jirani huyo ni mafuta, protini au chembe za urithi.

Mwili haujaachwa bila zimamoto. Una vimeng'enya vinavyozituliza cheche hizo, una kemikali iitwayo glutathioni, na hupata msaada wa vitamini C na E kutoka kwa chakula. Vizimaji hivyo kwa jumla huitwa antioksidanti. Cheche zinapozidi uwezo wa vizimaji, hali hiyo huitwa msongo wa oksidi. Ubongo huumia haraka kuliko viungo vingi kwa sababu umejaa mafuta ya aina inayochacha upesi, mfano wa samli iliyoachwa wazi juani, na kwa sababu una madini ya chuma na shaba ambayo huzichochea cheche zaidi. Isitoshe, seli nyingi za ubongo zikishakufa hazipati mbadala.

Katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, dalili za uharibifu huu zimeonekana kila mahali zilipotafutwa: mafuta yaliyochacha, protini zilizopinda, chembe za urithi zilizokatika. Utafiti wa mwaka 2001 ulienda mbali zaidi na kudai kuwa uharibifu huo ndio tukio la kwanza kabisa, likitangulia hata madonge ya amiloidi kujazana. Wengine hupinga na kusema amiloidi ndiyo inayowasha moto. Inaelekea pande zote mbili zina haki, kwani amiloidi huongeza cheche, nazo cheche huongeza utengenezaji wa amiloidi. Ni duara, na duara halina mwanzo.

Ikiwa hivyo ndivyo, mantiki ya mtu wa kawaida ni nyepesi: mpe mgonjwa antioksidanti kwa wingi, moto uzimike. Mantiki hiyo imejaribiwa kwa binadamu, na matokeo yake yanastahili kusomwa polepole.

Mnamo 1997, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 341 nchini Marekani ambao ugonjwa wao ulikuwa umefikia kiwango cha wastani. Baadhi walipewa vitamini E, uniti 2,000 kila siku kwa miaka miwili. Waliotumia vitamini hiyo walichelewa kidogo kufika katika hatua mbaya kama vile kupelekwa katika makao ya kutunzwa au kushindwa kujihudumia. Alama zao za majaribio ya kumbukumbu, hata hivyo, hazikuwa bora kuliko za wenzao. Dunia ilishangilia sehemu ya kwanza ikasahau ya pili.

Mwaka 2005, watafiti waliwajaribu watu 769 ambao walikuwa wameanza tu kusahau, bila kufikia kiwango cha ugonjwa. Hili ndilo kundi ambalo kwa nadharia lingefaidika zaidi, kwani moto ulikuwa bado mdogo. Baada ya miaka mitatu, vitamini E haikuwa imewazuia kuangukia ugonjwa. Kisha mnamo 2014, utafiti wa wanajeshi wastaafu 613 wa Marekani ulionyesha kuwa vitamini hiyo ilipunguza kwa asilimia 19 kila mwaka kasi ya wagonjwa kupoteza uwezo wa kuvaa, kula na kuoga wenyewe. Kwa anayemwogesha mzazi wake kila asubuhi, hilo si jambo dogo. Lakini kumbukumbu, kwa mara nyingine, haikurudi. Na mwaka 2017, wanaume wazee 7,540 waliokuwa wamepewa vitamini E, madini ya seleniamu, vyote viwili au tembe bandia walipohesabiwa, ilibainika kuwa hakuna kundi lililokingwa dhidi ya dimensia kuliko jingine.

Utafiti uliofundisha mengi zaidi pengine ni ule mdogo kuliko yote. Mwaka 2012, wagonjwa 78 waligawanywa kwa wiki 16, baadhi wakipewa mchanganyiko wa vitamini E, vitamini C na asidi ya lipoiki. Maji ya uti wa mgongo yalipopimwa, dalili mojawapo ya msongo wa oksidi ilikuwa imepungua. Yaani dawa ilifanya kazi iliyotumwa. Hata hivyo, amiloidi na tau hazikubadilika, na alama za akili za wagonjwa hao zilishuka upesi zaidi kuliko za waliopewa tembe bandia. Kutu ilipungua, gari likaenda vibaya.

Maelezo yanayotolewa ni kadhaa. Huenda dawa hufika wakati nyumba imeshateketea, kwa sababu ugonjwa huanza ndani ya ubongo miaka 15 au 20 kabla ya dalili kuonekana. Huenda kizimaji kimoja hakitoshi, kwani vizimaji vya mwili hufanya kazi kwa kupokezana. Kuna pia ukweli usiopendwa na wauzaji, kwamba si kila cheche ni adui. Mwili hutumia baadhi ya radikali huru kupashana habari na kupigana na viini vya magonjwa. Anayezizima zote huzima na taa.

Wala tembe hizo si maji matupu. Uchunguzi wa mwaka 2011 kuhusu maelfu ya wanaume nchini Marekani ulionyesha kuwa waliomeza uniti 400 za vitamini E kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wenzao. Kwa mzee anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kiwango kikubwa cha vitamini hiyo kinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Ni mzee yupi wa Giakanja anayeulizwa kuhusu dawa zake za presha na moyo na mwenye kibanda sokoni kabla ya kuuziwa chupa ya virutubisho? Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Yote haya hayaifanyi chai ya zambarau kuwa laghai. Inabakia kinywaji kizuri, na mkulima aliyepanda mche huo anastahili soko bora kuliko alilopata. Kiwanda cha Kangaita, Kaunti ya Kirinyaga, kimekuwa kikiisindika. Lakini kuna tofauti kati ya kuuza chai na kuuza tumaini. Chai hiyo bado haijapitia majaribio ya aina ile iliyofanyiwa vitamini E, yenye mamia ya wagonjwa na miaka ya kuwafuatilia.

Upande wa dawa za hospitali, hali pia haina miujiza. Donepezili, iliyoidhinishwa Marekani mnamo 1996, na memantini, iliyofuata 2003, husaidia dalili kwa muda bila kuuzuia ugonjwa. Mwaka 2023 iliidhinishwa lecanemabu, dawa ya kudungwa mshipani ambayo huondoa amiloidi. Katika majaribio ya watu 1,795, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 katika miezi 18. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa Dola 26,500 kwa mwaka, zaidi ya Sh3.4 milioni, bila kuhesabu picha za ubongo zinazohitajika kila mara ili kuchunguza uvimbe na kuvuja damu. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hupokea Sh2,000 kwa mwezi.

Kwa hivyo, ikiwa moto hauzimiki kwa chupa, jambo la busara ni kuuliza kuni zinatoka wapi. Na hapa Nyeri ina mengi ya kusema.

Serikali ilipozindua majaribio ya mpango wa Afya kwa Wote mnamo Desemba 2018, kaunti nne ziliteuliwa: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri iliteuliwa kwa sababu ya wingi wa maradhi yasiyoambukiza, hasa kisukari na shinikizo la damu. Maradhi hayo mawili ndiyo yanayorusha cheche nyingi zaidi ndani ya mishipa. Sukari inapozidi katika damu, vinu vya seli hulemewa na kutoa radikali huru kwa wingi. Shinikizo la damu nalo huikakamaza mishipa midogo inayolisha ubongo, seli zikakosa oksijeni leo na kufurikwa nayo kesho. Ongeza moshi wa kuni katika jikoni zisizo na dirisha, ikikumbukwa kuwa sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya familia za Kenya hupikia kuni. Ongeza sigara na pombe haramu ambayo imewamaliza vijana na wazee wa Mlima Kenya kwa miaka mingi. Msongo wa oksidi ni mahali ambapo njia hizi zote hukutana.

Jopo la wataalamu la jarida la The Lancet lilikadiria mnamo 2024 kuwa karibu asilimia 45 ya visa vya dimensia duniani vingezuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Miongoni mwayo ni kisukari, shinikizo la damu, lehemu mbaya, uvutaji sigara, ulevi, hewa chafu, elimu duni, upweke, na kupoteza uwezo wa kusikia na kuona. Tembe za antioksidanti hazimo katika orodha hiyo.

Ushahidi wa karibu zaidi na nyumbani unatoka ng'ambo ya mpaka, Wilaya ya Hai, Tanzania, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako watu hulima kahawa na migomba kama jirani zao wa Nyeri. Watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, na katika ripoti ya 2013 wakakadiria kuwa asilimia 6.4 walikuwa na dimensia. Karibu nusu ya waliopatikana na ugonjwa walikuwa na Alzheimer. Lakini wawili kati ya kila watano walikuwa na dimensia itokanayo na mishipa ya damu, aina ambayo hutegemea sana presha isiyotibiwa. Imani ya zamani kwamba Mwafrika hapatwi na maradhi haya haina mashiko tena. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa 2022 yanaonyesha kuwa idadi ya wagonjwa katika Afrika Mashariki itaongezeka kwa takriban asilimia 357 kati ya 2019 na 2050, hasa kwa sababu ya ongezeko la idadi ya watu.

Kuna jambo jingine ambalo chupa ya sokoni hulificha. Si kila anayesahau ana Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, msongo wa mawazo baada ya kufiwa, au dawa kadhaa zinazogongana zinaweza kumchanganya mzee, na mengi ya hayo hutibika. Metformini, dawa ambayo wagonjwa wengi wa kisukari huimeza kila siku, hupunguza vitamini B12 mwilini ikitumiwa kwa miaka mingi. Familia inayonunua virutubisho kwa miezi sita kabla ya kwenda hospitali huenda ikawa imepoteza miezi sita ya tiba halisi.

Gharama ya kuchelewa haiishii kwenye afya. Katika eneo ambalo ekari moja inaweza kugawanya ndugu kwa kizazi kizima, mzee anayesahau bado ana hatimiliki, kidole gumba na jirani mwenye pesa. Uuzaji wa ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, lakini bodi haina daktari. Sheria ya Afya ya Akili inairuhusu mahakama kuteua msimamizi wa mali ya asiyejiweza kiakili, njia ambayo familia nyingi huijua baada ya shamba kuondoka. Kwingineko nchini mambo yamekuwa mabaya zaidi. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na umati eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, wakishutumiwa kwa uchawi. Wanaharakati wa Kisii na wa pwani wamekuwa wakieleza kwamba tabia zinazoitwa uchawi, kama vile kuzurura usiku, kuzungumza peke yake au kupotea katika boma la jirani, mara nyingi ndizo dalili za ugonjwa huu.

Nyenzo za kuanzia zipo. Mnamo Septemba 2023, serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, na kuwapa mikoba yenye mashine ya kupima presha na kifaa cha kupima sukari. Watu hao huingia katika boma za Giakanja kwa miguu yao. Wakati huo huo, watafiti waliofanya kazi Hai walibuni kipimo kifupi cha kumbukumbu kinachowafaa wazee ambao hawakushika kalamu maishani. Sehemu yake moja humtaka mzee aige umbo lililopangwa kwa njiti nne za kiberiti, na muuguzi au mhudumu aliyefunzwa anaweza kukitumia kwa dakika chache. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala maabara.

Kilichobaki ni uamuzi wa idara ya afya ya kaunti kukiweka ndani ya mkoba huo, na kuamua mzee anayeshindwa kupanga njiti atapelekwa wapi. Zahanati ya kijiji inaweza kupima presha na sukari, lakini kipimo cha B12 na cha tezi huhitaji hospitali kubwa. Nauli ya kwenda na kurudi mjini Nyeri pamoja na mtu wa kumsindikiza hutoka mfukoni mwa familia. Ni fedha zile zile zinazonunua chupa sokoni, na kwa sasa kibanda kipo karibu zaidi.